Jina la Saba Katika Orodha

Fides Namwinga hakuomba kuwa katibu wa waamuzi wa sinema. Barua ilimkuta darasani mwezi wa Agosti 1953, akiwafundisha watoto wa darasa la kwanza kuandika herufi kwenye vibao vyao. Tarishi wa jumbe aliitoa mfukoni, akabaki amesimama mlangoni, maana alikuwa ameagizwa asirudi bila jibu. Fides aliisoma mara mbili. Jumbe aliandika kwamba gari la sinema lingefika Tunduma wiki ile, kwamba safari hii halikuja kuonyesha tu bali kupigisha kura, na kwamba wazee hawakuona mtu mwingine mwenye mwandiko wa kusomeka.

Fides alikuwa na miaka thelathini na moja. Mumewe, Osea, alikuwa amekwenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka mwaka wa tatu sasa, na yeye aliishi na mama mkwe wake, Elizabeti, katika nyumba ya tofali mbichi nyuma ya shule ya misheni. Alimwambia tarishi kwamba amekubali. Mwalimu wa misheni hakuwa na desturi ya kumkatalia jumbe.

Gari lilifika Jumatatu. Aliyekuja nalo ni Mzungu mmoja mkimya aliyevaa miwani mizito, dereva, na mtangazaji aliyeitwa Raphaeli, mtu wa Tanga, mnene, mwenye sauti iliyojaa uwanja hata bila kipaza sauti. Raphaeli ndiye aliyemweleza Fides kazi. Chama cha Sinema cha Dar es Salaam kilitoa ngao kila mwaka kwa sinema bora na kwa mchezaji bora. Zamani mabwana wachache walikaa chumbani wakachagua wenyewe. Mwaka ule waliamua wananchi wachague. Katika miji kumi wangewekwa waamuzi saba saba. Wangetazama sinema zote za mwaka kwa jioni tatu, bila kushauriana, kisha kila mmoja angeandika namba kwenye karatasi na kuitia sandukuni. Sanduku lingefungwa kwa lakiri na kupelekwa Dar es Salaam, na huko watu wawili walioapishwa wangehesabu, wala hakuna mwingine ambaye angejua mpaka siku ya kutangaza. Mji uliopungukiwa na mwamuzi mmoja, kura zake zote zingekuwa bure.

Mpaka hapo Fides hakuona ubaya. Kisha Raphaeli akampa karatasi ndefu yenye mistari. Ilikuwa orodha ya waamuzi, nayo ilitaka jina la kila mmoja, jina la baba, ukoo, kijiji, umri, undugu alio nao na mshindani yeyote, na mwishoni alama ya dole gumba. Fides aliuliza kwa nini watu wa kutazama sinema waandikwe hadi ukoo. Raphaeli alisema ni ili mtu asipige kura mara mbili. Alisema pia kwamba katika mji mwingine watu walikataa dole gumba, na alipolisema hilo alipunguza sauti.

Fides alielewa mara moja. Pale mpakani watu walikuwa wakizungumza habari za banyama tangu yeye akiwa mtoto: watu wanaotembea na gari lenye chumba cha giza, wanaopewa majina na mtu wa hapo hapo kijijini, wanaomchukua aliyeandikwa na kumnyonya damu mpaka anakauka. Ng'ambo ile mkata kuni mmoja alikuwa ametoweka Juni, na shoka lake likakutwa limeegemezwa kwenye mti kana kwamba mwenyewe amekwenda haja. Fides alikuwa amesoma. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba damu ya mtu haina mnunuzi. Lakini tangu Juni, kila jioni, alikuwa akivuta kinu na kukiegemeza mlangoni kwa ndani, na Elizabeti alimtazama akifanya hivyo.

Waamuzi wengine sita walipatikana kwa taabu. Kefa Simbeye, fundi cherehani wa barazani kwa Mhindi, alikubali kwa sababu alipenda sinema. Anyelwisye, mwashi aliyetoka Undali akaoa pale, alikubali kwa sababu jumbe alimtazama usoni. Wanne wengine walitia dole wakiwa wamegeuza nyuso, kama watu wanaochanjwa.

Jioni ya kwanza ilipita vizuri. Walionyeshwa namna ya kupogoa mibuni, na watu wa Mbozi waliokuwapo walibishana kuhusu mkato. Ikafuata hadithi ya mshamba aliyeuziwa saa isiyo na mashine ndani, na uwanja mzima ulicheka. Fides naye alicheka, akasahau orodha iliyokuwa ndani ya daftari la mahudhurio mapajani mwake.

Jioni ya pili ndiyo ilionyeshwa sinema ya tauni.

Kabla haijaanza, Raphaeli alitangaza kwamba mchezaji wake mkuu ni kijana wa nchi hii hii, Enoka Silwamba wa Msangano, na kwamba anashindania ngao. Watu walishangilia. Enoka alijulikana. Alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya mkonge miaka miwili nyuma, na huko wapiga sinema walimchagua kwa uso wake. Mama yake, Marita Nanyangwe, na mkewe, Nesta, walikuwa wametembea siku mbili kutoka Msangano waje wamwone. Waliwekwa mbele kabisa, wamekaa juu ya mkeka, na Marita alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani.

Walimwona Enoka akilima, akicheka, akikataa kutega panya ghalani. Walimwona akishikwa na homa. Sinema ile haikuwa na haraka. Ilimkaa usoni, midomo ikikauka, macho yakipanda juu, mkono ukikuna mkeka mpaka ukaacha kukuna. Kisha wanaume wakamzungushia mkeka, wakambeba, wakamshusha shimoni. Mkeka ulikuwa umefunuka kidogo kichwani. Tonge la udongo lilianguka likatua juu ya shavu la Enoka, na shavu halikutikisika. Likaanguka la pili.

Marita alisimama. Hakupiga kelele kama watu walivyotazamia. Alikwenda mpaka kwenye kitambaa cheupe akaweka viganja vyake viwili pale penye udongo, na kivuli chake kikafunika kaburi lote. Nesta ndiye aliyepiga yowe. Raphaeli alikimbilia kipaza sauti akasema ni mchezo, ni mchezo tu, huyo mtu yuko hai, lakini sauti ile kubwa isiyo na mwili ilizidisha hofu, na watu wakaanza kukimbia wakivuta watoto. Mashine ilipozimwa, Marita alikuwa bado amesimama pale pale. Alimgeukia Raphaeli akamuuliza kwa utaratibu, "Kama yuko hai, yuko wapi?"

Raphaeli alianza kukunja waya wa kipaza sauti.

Asubuhi Fides alimfuata kwenye hema lake kando ya barabara akamuuliza swali lile lile. Raphaeli alizungukazunguka, kisha akafungua kisanduku cha barua. Chama kilikuwa kimewaandikia washindani wote barua ya kuwaarifu. Ya Enoka ilikuwa imerudi kutoka shamba la mkonge, na juu yake mtu ameandika kwa penseli: hayupo. Ya pili nayo ilirudi. Raphaeli alisema yeye hakuwapo siku ilipopigwa sinema ya kaburi, lakini alisikia kwamba baada ya kazi ile kijana aliugua kifua, akaondoka, na hakuna aliyeandika alikokwenda. Alisema bwana wa miwani anajua yote hayo, naye amesema kura zipigwe siku iliyopangwa, maana miji mingine inangoja.

"Mwalimu," alisema Raphaeli, "mimi mwenyewe usiku silali vizuri tangu barua ya pili iliporudi."

Fides alitoka hemani. Alikuwa amekuja kutafuta neno la kumpelekea mama, na alilolipata hakuweza kulipeleka. Njiani aliona watu wakinyamaza anapopita. Neno lilikuwa limekwisha kuenea kabla ya jua kupanda: Enoka ameliwa, sinema imeonyesha maziko yake mchana kweupe kwa kiburi, na mwalimu anayo orodha ya saba wanaofuata.

Anyelwisye alikuja shuleni mchana, mikono ikiwa bado na chokaa. Alimwomba amfute. Fides alimweleza kwamba waamuzi wakiwa sita kura za Tunduma zitakuwa bure, na kwamba orodha si ya kitu kingine ila kura. Anyelwisye alimsikiliza mpaka mwisho, akasema anamheshimu mwalimu, lakini ana watoto wanne. Jioni ile aliteremka na mkewe na watoto kuelekea Kamsamba, na nyumba yake ilipokutwa wazi asubuhi, moto ukiwa haujazimika jikoni, watu walisema: wa kwanza huyo.

Jioni ya tatu watazamaji walikuwa waamuzi sita na mbwa. Fides alikaa mbele ya sinema ya ng'ombe na josho bila kuona kitu. Alikuwa amekichukua kijitabu cha kanuni za ngao na alikuwa akikisoma kwa mwanga wa mashine, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta mahali popote panaposema kwamba mshindani lazima awe hai. Hapakuwapo. Lakini kulikuwa na kanuni ya kumi na moja. Ilisema mwamuzi mwenye undugu na mshindani akipiga kura, kura za mji ule zitatupwa zote, na mshindani anayehusika atajulishwa kwa maandishi, naye atatia sahihi kwamba amejulishwa, na matokeo hayatatangazwa kabla sahihi hiyo haijapatikana. Aliisoma mpaka mashine ilipozimwa.

Kura zilikuwa zipigwe saa nne asubuhi darasani. Saa tatu wanaume walikuwa wamekwisha kuizunguka shule. Fides aliwahesabu dirishani mpaka thelathini akaacha. Wengine walikuwa na fimbo, wawili au watatu na mikuki ya kuwindia nguruwe. Dereva alikuwa amejifungia ndani ya gari. Bwana wa miwani alikuwa amekwenda Mbozi tangu alfajiri kuomba askari, na askari hawakuwa wamefika. Ndani walikuwamo Fides, Kefa, waamuzi wengine wanne na Raphaeli, na sanduku la kura juu ya meza ya mwalimu.

Mtu mmoja nje alisema watoe orodha. Hakupaza sauti. Alisema wakiitoa, hakuna atakayeumizwa, wanataka tu kujua ni nani waliouzwa na ni nani aliyewauza. Raphaeli alimnong'oneza Fides asiitoe, ni mali ya Chama. Kefa alisema wakiitoa, majina yote yatahesabiwa kuwa ya wauzaji. Fides aligundua kwamba amelishika daftari la mahudhurio kwa nguvu mpaka vidole vimekufa ganzi. Alifikiri juu ya Osea migodini, na nani angemwandikia barua.

Kisha alifungua mlango akasimama kizingitini. Hakuwa amejua atasema nini. Alifungua daftari, akatoa karatasi, akaanza kusoma kwa sauti aliyoitumia darasani: "Fides Namwinga, binti Simwinga, umri miaka thelathini na moja, Tunduma." Alisoma la pili, la tatu. Alisoma na ukoo, na kijiji. Sauti ilikuwa ikitetemeka na kila mtu alisikia ikitetemeka. Alipolifikia jina la Anyelwisye alisema kwamba huyu amekwenda Kamsamba na familia yake kwa miguu yake, na kwamba yeyote mwenye shaka aende akamwone. Akasema hakuna jina jingine. Jina la Enoka halimo na halikuwamo.

Watu walitazamana. Mmoja wa wenye mikuki alisema mwalimu anaweza kuwa ameficha karatasi nyingine. Na pengine mambo yangeharibika hapo, lakini watu wa nyuma walianza kupisha, na Marita akatokea kati yao, Nesta akimfuata. Hakuwa amekula tangu juzi, na uso wake ulikuwa wa majivu. Alikuja mpaka kizingitini akaiangalia ile karatasi, ingawa hakujua kusoma.

"Karatasi hii inakwenda wapi, mwanangu?"

"Dar es Salaam, mama."

"Kwa watu waliompiga mtoto wangu sinema?"

"Kwa hao hao."

"Basi niandike na mimi," alisema Marita. "Kama wanaoandikwa hapa wanachukuliwa, watanichukua wanipeleke aliko. Kama hawachukuliwi, sina hasara. Niandike."

Fides wakati ule ule alikumbuka kanuni ya kumi na moja. Alimwingiza Marita ndani, akafunga mlango, na hakuna aliyemzuia. Ni vigumu kuzuia mama anayetaka kumfuata mwanawe.

Ndani, Fides alifuta jina la Anyelwisye kwa mstari mmoja wa rula na chini yake akaandika jina la saba. Marita Nanyangwe. Msangano. Umri haujulikani. Alipofika kwenye nafasi ya undugu na mshindani, kalamu ilisimama. Raphaeli aliinama juu ya bega lake akamwambia aweke mstari tu, hakuna atakayejua, mama na mwana hawana jina moja. Fides aliandika: mama mzazi wa Enoka Silwamba.

"Ukiandika hivyo, kura zenu zote zitatupwa," alisema Raphaeli.

"Najua. Lakini kabla ya kuzitupa itabidi wamtafute Enoka atie sahihi. Kitabu chenu kimesema."

Fides aliwageukia wale wengine akawaeleza kwamba kazi yao ya jioni tatu itapotea, kwamba hatari waliyoiingia haitakuwa na faida yoyote kwa ngao. Kefa alisema yeye alikuwa amechagua ile ya mshamba na saa, na mshamba atashinda bila yeye. Wengine walitikisa vichwa kukubali. Wakapiga kura mmoja mmoja nyuma ya ubao. Marita aliuliza aandike nini. Fides alimwambia hawezi kumwambia, ndiyo kanuni. Marita alichora mstari mmoja tu ulionyooka, akaitia karatasi sandukuni, akachovya dole gumba kwenye wino na kulibonyeza kwenye orodha kwa nguvu, kana kwamba anataka alama ipenye mpaka upande wa pili.

Sanduku lilifungwa kwa lakiri. Askari walifika saa saba, wakakuta watu wamekwisha kutawanyika. Jioni gari liliondoka.

Hapo ndipo hofu kubwa ya Fides ilipoanza, kwa sababu Marita hakurudi Msangano. Alisema walioandikwa hapa watafuatwa hapa. Alifunga kitambaa chake kipya, sahani na blanketi katika bunda moja, na kila asubuhi alikwenda kukaa kando ya barabara kuu, mahali magari yanapopunguza mwendo kwa ajili ya kizuizi cha mpaka. Lori likija alisimama na bunda lake. Likipita alikaa. Nesta alikuwa akimpelekea maji na uji. Jioni walilala kwa Fides, na Elizabeti aliwatengea nafasi karibu na jiko bila kuulizwa.

Darasani Fides aliweza kumwona kupitia dirisha. Kila mara injini iliposikika, chaki ilisimama mkononi mwake. Alijiambia kwamba hakuna banyama. Alijiambia kwamba ameandika jina la mwanamke mzee kwa ajili ya kanuni tu. Lakini alikuwa ameliandika bila kujua kwa hakika kwamba banyama hawapo, na hilo halikumtoka. Itakuwaje lori moja lisimame? Itakuwaje mtu ashuke na kuita, Marita Nanyangwe? Usingizini alisikia mlango wa gari ukifungwa.

Watu nao waliona mwanamke akikaa barabarani, wakajua ni nani aliyemweka pale. Wanafunzi thelathini na wanane walipungua wakawa ishirini, kisha kumi na mmoja. Kisimani wanawake waliondoa ndoo zao Fides alipokaribia. Asubuhi moja alikuta jivu limemwagwa kizingitini kwa mstari, kama linavyomwagwa nyumba ya mchawi, akalifagia kabla Elizabeti hajaamka. Mchungaji alimwita akamshauri achukue likizo. Fides alisema atangoja. Alipoulizwa anangoja nini, alisema anangoja sahihi ya mtu.

Septemba ikaisha, Oktoba ikaisha. Joto lilipanda na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa ziwa Rukwa. Matokeo ya ngao hayakuwa yametangazwa. Kefa alisoma magazeti ya wiki iliyopita kwa Mhindi na kila Jumamosi alikuja kusema: bado. Kwa Fides neno hilo lilikuwa na makali mawili. Wakitangaza, maana yake sahihi imepatikana. Wasipotangaza mpaka mwaka kwisha, maana yake wamemtafuta wakamkosa, na yeye ndiye atakayekwenda kandokando ya barabara kumwambia Marita ainuke.

Tarehe ishirini na tatu Novemba, kabla ya adhuhuri, Landrova ya serikali ilikuja kutoka upande wa Mbozi, ikapunguza mwendo, ikasimama mbele ya Marita.

Fides aliiona kupitia dirisha. Marita alisimama. Alinyoosha kitambaa kichwani, akashika bunda lake. Mlango wa gari ulifunguliwa, akashuka mwanamume mwenye kaptura ya kaki na karatasi mkononi. Fides hakukumbuka baadaye alivyotoka darasani. Alikumbuka tu kwamba alikuwa akikimbia na hakuwa na viatu, na kwamba alikuwa akisema kwa sauti asiyoijua, msimchukue, msimchukue. Alifika akamshika Marita mkono akamvuta nyuma yake.

Yule mtu alishtuka. Alikuwa karani wa bomani, kijana, na jasho lilikuwa likimtiririka. Alisema anamtafuta katibu wa waamuzi, na mzee huyu alisimama barabarani hivyo akadhani anataka kuonyesha njia. Akampa Fides bahasha yenye muhuri wa Chama cha Sinema.

Fides aliifungua pale pale barabarani. Ndani kulikuwa na barua ya kumkemea, yenye maneno mazito: amevunja kanuni akijua, kura za Tunduma zimefutwa, hatateuliwa tena. Nyuma yake, ikiwa imebandikwa kwa pini, nakala ya taarifa kwa mshindani. Chini yake kulikuwa na sahihi ya wino wa bluu. Enoka Silwamba, hospitali ya kifua, wodi ya tatu, na tarehe ya Oktoba.

"Wanasema nini?" aliuliza Marita.

Fides aliogopa kusema. Mtu yeyote anaweza kuandika jina. Alimtuma mtoto akamwite Nesta, na Nesta alikuja na barua ya zamani aliyokuwa akiitunza kwenye mkunjo wa kanga, barua pekee aliyowahi kuandikiwa na mumewe kutoka mkongeni. Fides aliziweka pamoja juu ya boneti yenye moto ya Landrova. Herufi N katika jina la Enoka ilikuwa imegeuzwa kinyume, kama watoto wake wa darasa la kwanza wanavyoigeuza. Ilikuwa imegeuzwa hapa. Ilikuwa imegeuzwa na pale.

"Yuko hai, mama," alisema. "Alikuwa mgonjwa. Yuko hospitali."

Marita aliketi chini barabarani. Hakulia. Alimuuliza karani kama gari linakwenda huko, na karani alipoeleza kwamba hospitali hiyo iko kaskazini, mwendo wa siku nyingi, Marita alisema basi sasa anaweza kwenda nyumbani kulima.

Enoka alirudi Februari, mvua zikiwa zimejaza mito. Alikuwa amekonda hata suruali ilifungwa kwa kamba. Msangano watoto walimkimbia, na wazee wawili waliacha kumpa mkono kwa mwaka mzima, kwa sababu walikuwa wamesikia kwa watu wanaoaminika kwamba amezikwa. Nesta alimpokea. Marita alimtangulia kila alikokwenda, kisimani, kanisani, akiwaambia watu wamguse.

Wakati wa likizo ya Pasaka Fides alikwenda Msangano. Wanafunzi wake walikuwa wamerudi ishirini na watano. Enoka alimwekea kigoda chini ya paa, mvua ikinyesha, akamweleza mambo ambayo hakuwa amemweleza mama yake. Maziko yale yalipigwa mara tatu. Mara ya tatu tonge liliziba pua yake, naye alikuwa ameagizwa asitikisike, akahesabu moyoni mpaka arobaini. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Aliogopa kufa, tena aliogopa kuharibu sinema, na hakujua ni hofu gani iliyomzuia asipumue. Kifua kilianza wiki ile. Hospitali walimwandika kwa jina la msimamizi aliyempeleka, na hakuna aliyemuuliza jina lake halisi mpaka alipokuja mtu kutoka Dar es Salaam akipita wodi kwa wodi na karatasi, akimtafuta mwana wa Marita.

Kisha aliuliza ni nani aliyepata ngao. Fides alimwambia ni yule mshamba aliyenunua saa.

"Alistahili," alisema Enoka. "Yule nilimwona akicheza. Hata sisi tuliokuwa tukimtazama tulishindwa kujizuia kucheka."

Alikohoa kidogo akageuza uso. Ndani, Marita alikuwa akiwaita waje kula kabla ya chakula kupoa.